Jina la Mwajiri

Fomu ya viza ina kisanduku kidogo:
jina la mwajiri.
Nimekikodolea macho tangu adhana ya alfajiri
hadi mama akaja na chai, akauliza,
"Karatasi moja tu, bado hujaimaliza?"

Mama, sina mwajiri. Nina mteja.
Yuko Uholanzi, ana vyumba kumi na vinne vya baridi,
na ndani yake minofu ya sangara wetu,
ile iliyotoka hapa Igogo
imelalia barafu niliyoigandisha mimi.
Miaka mitatu nimemtengenezea mitambo kwa simu,
usiku, umeme ukirudi mtandao unaondoka,
na sasa anasema: njoo, mikono yako iguse.
Mwaka mmoja. Labda miwili.
Tiketi juu yangu. Pango juu yangu.
Nikiugua, homa ni yangu.

"Basi umeajiriwa," akasema mama Ngolo, jirani.
Sijaajiriwa.
"Basi unaenda kutembea."
Siendi kutembea.
Akanyamaza, akaendelea kuchambua dagaa,
kokoto huku, dagaa huku,
nami sikujua nimeangukia upande upi.

Nyumba yetu iko Mabatini, juu ya jabali
lililokaa juu ya jabali,
na la chini halikuwahi kudai mkataba.
Maji tunapandisha kwa kichwa.
Huko niendako, kabla ya kupewa ufunguo
wanataka barua ya mshahara ya miezi mitatu.
Nina ankara arobaini na moja, zote zimelipwa,
moja ilichelewa siku themanini
na sikulala vizuri hata moja kati ya hizo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nitashuka nalo mkononi siku ya kwanza.
Begi nimelipima kwa mizani ya muuza mabondo, Kirumba:
limezidi kilo mbili.
Nikatoa spana kubwa, nikabakiza dagaa.
Nikatoa dagaa, nikarudisha spana.
Muuza mabondo akacheka,
"Dada, amua. Unahama au unaenda kazini?"

Kwenye ofisi ya kodi nako:
Jina la biashara? Milembe Majokofu.
Mkurugenzi? Milembe Ng'wandu.
Fundi mkuu? Huyo huyo.
Wafanyakazi? Lubango, kwa kutwa.
Afisa akagonga muhuri polepole
kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Nimeuza baridi tangu nina miaka kumi na tisa.
Jua la Mwanza lilinipa wateja bila matangazo:
wachuuzi wa sato, duka la dawa la Mkuyuni,
hata chumba cha maiti, Krismasi ile, saa tisa usiku.
Kule, nasikia, baridi iko nje,
bure, unaikuta mlangoni na magazeti.
Sasa nitakuwa naenda kuuza nini?
Mteja ni mfalme, walitufundisha chuoni.
Hawakusema ukihamia kwenye ufalme wake
wewe unakuwa nani.

Nikaandika jina langu kwenye kisanduku.
Halikutosha. Ng'wandu ikatoka nje ya mstari,
ikaning'inia pale pembeni,
na viza ikatoka hivyo hivyo.

Uwanja wa ndege. Mama hakulia,
alinifunga kitenge kiunoni juu ya suruali
akasema marinda yake yana joto.
Korongo wamejipanga juu ya paa kama watu wa forodha.
Simu ikaita. Lubango.
"Dada, kompresa ya pili inalalamika."
Weka simu karibu.
"Abiria wa Dar wanaitwa, dada, nawasikia."
Weka simu karibu, Lubango.

Nikaziba sikio la pili kwa kiganja.
Nikaisikia: ngurumo, kisha mkwaruzo,
kisha, kwa mbali, mtu anamwaga maji sakafuni
na mwenzake anamtukana kwa Kisukuma.

Ni beringi, nikamwambia.
Ya upande wa ziwa.
Zima kwanza. Subiri ipoe.